Barua ya Wazi kwa Wahariri: Tunaomba Stanley Arudi Ujiji

Kwa Waheshimiwa Wahariri wa magazeti, redio, runinga na vile vituo vya mtandaoni vyenye kamera moja na haraka nyingi,

Salamu kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hatujambo. Dagaa wapo, umeme leo upo, na vijana wetu bado wanachuchumaa.

Asanteni kwa picha. Kamanda akiita waandishi, hamchelewi: vijana chini, mikono kichwani, mbele yao mapanga, redio na misokoto ya bangi vimepangwa kama bidhaa za mnada. Jioni tunasikia kwamba mtandao wa wahalifu umenaswa. Neno “mtuhumiwa” mnalo, ila mmewawekea akiba wenye suti. Nayo Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika, sijui imehifadhiwa kabati gani huko kwenu.

Tuna maombi machache. Kwanza, jina la Panya Road, lile genge la vijana, lirudisheni Dar es Salaam, ambako Januari 2015 lilitosha kuwafungia watu ndani. Kijana wa Katonga akiiba betri ya boti, ni mwizi wa betri. Huku kwetu hiyo “road” yenyewe ya lami tumeipata juzi. Pili, aliyetafuna fedha za mradi wa maji naye achuchumae, mumpangie risiti zake mbele.

Ombi la tatu tumelikalia kikao.

Mwaka 1871 mwandishi wa New York Herald, Henry Morton Stanley, alisafiri kutoka Bagamoyo zaidi ya miezi saba akimtafuta mtu mmoja, Livingstone. Alipokaribia Ujiji, Susi, mtumishi wa mtu huyo, alishatoka kumlaki na kumthibitishia kuwa bwana wake yupo. Mzungu mwingine mjini hakuwepo. Hata hivyo, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, alipomfikia Livingstone alivua kofia akauliza kwanza kama ndiye. (Malaika hakuwa. Wapagazi wake waliochapwa viboko wangekuwa na gazeti, tungesoma mengine.)

Basi tunaomba Utaratibu wa Stanley. Mwandishi ashuke stesheni ya Kigoma, aje Ujiji kwa miguu, apumzike chini ya miembe kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Kijana aletwe akiwa amesimama. Mwandishi avue kofia. Asiye nayo tutamwazima, tumeshatenga tatu, na moja ina utepe kwa ajili ya watangazaji wa runinga. Aulize: “Samahani ndugu yangu, ni wewe hasa?” Halafu asubiri jibu. Hapo ndipo tunapotarajia ugumu, kwa hiyo tutaweka benchi na birika la kahawa. Aulize na umri. Akisikia 16, kamera irudi mkobani. Kamati ya mapokezi itampigia makofi.

Msicheke. Mtaani kwetu yupo mtoto wa umri huo ambaye mmoja wenu alimtoa ukurasa wa mbele, uso wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri yake faragha. Faragha ya nini tena, wakati soko zima limeshamwona? Shauri likaondolewa. Siku hiyo hakuja hata mmoja wenu, na gazetini halikutoka hata neno. Mama yake anauza migebuka Kibirizi, na wateja wanamhesabia chenji mara mbili. Mtoto mwenyewe, wenye mitumbwi hawamchukui kwenda kuvua. Wanasema hawataki jambazi majini usiku. Mlimhukumu nyinyi, bila shahidi, bila rufaa, mkageukia matokeo ya mpira, na hata jina lake mlilikosea!

Tuwieni radhi kwa ukali. Tunajua mna kazi nyingi na bando ni ghali.

Naambatisha nakala ya hati ya kuondolewa kwa shauri hilo. Haina panga wala redio ndani yake, kwa hiyo sitashangaa ikikosa nafasi. Ila jina limeandikwa sawasawa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Buzebazeba, Kigoma Ujiji