Namna ya Kumkabidhi Mwanao kwa Mzee Ojwang

Anza na miguu. Mtoto aoshe miguu kwenye karai mpaka maji yabadilike rangi, ajifute, ndipo aingie. Najua nyumba ni yako, televisheni ni yako, na mtoto ni wa hapo hapo. Aoshe hata hivyo. Sisi tuliokulia Kawangware, upande wa Gatina, katika miaka ya 1990, hatukutazama Vitimbi, vichekesho vya Mzee Ojwang, na miguu michafu. Ploti nzima ilikuwa na televisheni moja, Great Wall isiyo na rangi, mali ya mama wa chumba cha mwisho. Ilikaa ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikitumia betri ya gari. Mwenyewe alisimama mlangoni akikagua nyayo za kila mtoto. Aliyepita aliketi sakafuni, magoti kifuani, ili wa nyuma naye aone. Aliyefeli alirudishwa mferejini, na akirudi alikuta nafasi za mbele zimekwisha.

Mtoto wa leo hupewa simu akiwa bado anatafuna. Kitu kinachomfuata mdomoni namna hiyo hakipi uzito. Kwa hiyo mfanye akiendee. Mtangazie tangu asubuhi kwamba jioni kuna Vitimbi, na akiuliza Vitimbi ni nini, mwambie atajua jioni.

Sasa kitafute kipindi chenyewe. Vipindi kadhaa vya zamani vimewekwa YouTube, lakini usimwonyeshe kwenye simu, kwa sababu kioo cha simu kinatosha macho mawili tu, na Vitimbi haikutengenezewa macho mawili. Hapa Kibera, ninakoishi siku hizi, mwenye duka la muvi hukupakulia kwenye flashi, na televisheni nyingi za sasa zina pa kuichomeka. Nunua tokeni mapema. Stima ya huku huondoka bila kuaga, na ikipotea katikati ya kicheko, mtoto hutamrudisha kirahisi. Enzi zetu tulionywa: betri ikiisha nguvu, picha ilinyauka kutoka pembeni, ikajikunja, ikajikunja, mpaka Mzee Ojwang akawa kama kidole cha gumba. Hata hapo hatukuondoka.

Usimnyang'anye mtoto vyake ili umpe vyako. Wangu ana miaka 6, na mapenzi yake yako Akili Kids!, kituo kilichoanza kurusha matangazo Machi 2020, wakati tulipokuwa tumefungiwa nyumbani na watoto ambao shule zao zimefungwa. Humo alikutana na Akili, msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, kazi ya Watanzania wa Ubongo. Akili anazungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi. Mimi wakati wangu sikuwa na kipindi cha mtoto wa umri wangu kwa lugha yangu. Nilikuwa na cha wazee, nikakipenda hivyo hivyo. Basi mwache amalize Akili, halafu mwambie sasa ni zamu ya mama.

Na uanze na Vitimbi. Wapo watakaokushauri kipindi cha Tausi. Nakataa. Tausi ni mambo ya ndoa na hila za watu wazima. Itamlaza mtoto au itamfunza mapema. Vioja Mahakamani ni hazina, ila Makokha na Ondiek wanamchekesha tu anayejua hakimu ni nani na kwa nini mshtakiwa haruhusiwi kujibu anavyotaka. Subiri afike miaka 8 au 9. Kwa Vitimbi hahitaji kujua chochote. Kuna mzee mwenye makuu, Ojwang, na kuna mkewe, Mama Kayai, asiyeshindwa neno. Kila mtoto amewahi kuona nyumba ya namna hiyo, hata kama si yake.

Kikianza, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Ulimi utakuwasha umwambie hapo ndipo pa kucheka, umweleze kuna mhusika Masanduku arap Simiti, amngoje, ataingia. Nyamaza. Dakika kumi za kwanza wangu hakucheka hata mara moja, nami nilikaa nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nilijishughulisha na jambo lililonigusa kuliko nilivyotarajia: nguo za Mama Kayai zilikuwa na rangi. Miaka yote nilimjua akiwa mweusi na mweupe. Kisha mzee akamwita mkewe kwa sauti ile, na mtoto akaanguka kwenye kochi kwa kicheko.

Halafu akasema, "Mama, huyu anaongea kama babu wa maji!"

Hapa ndipo mwongozo huu unaanza hasa, na naomba usiruke. Mzee Ojwang anazungumza Kiswahili cha Mjaluo, chenye shamba kuwa samba na shida kuwa sida. Kesho yake mwanangu alibeba mtungi, akafika kwa mzee anayetuuzia maji, akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Mzee, leo iko sida?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee alifunga mfereji. Akamtazama. Akamuuliza amefunzwa na nani, na mtoto, bila woga, akasema kwa Mzee Ojwang. Yule mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamrekebisha, neno kwa neno, namna ya kulitamka vizuri zaidi, na foleni ikangoja.

Alicheka kwa sababu alimjua Ojwang. Asingemjua, mwanangu angekuwa mtoto wa jirani anayeidhihaki lugha yake, na katika mitaa yetu miwili hilo si jambo dogo. Mwisho wa Desemba 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Kibera iliungua, soko la Toi likawa majivu, reli iliyopita mtaani ikang'olewa. Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, ikawa Kawangware. Jirani alitambuliwa kwa jina la kitambulisho na kwa namna ulimi wake unavyogonga meno. Waliokuwa wakiwindana ni watu waliokaa sakafu moja, magoti kifuani, wakimcheka mzee mmoja.

Kwa hiyo kipindi kikiisha, zima televisheni uzungumze. Mwambie mtoto kwamba lafudhi ni nyayo za lugha ya mama, na kila mtu anazo, hata yeye. Muulize babu wa maji anamwitaje akimpa maji. Mpeleke akamsalimie. Na waite watoto wa jirani waje kutazama naye, wa kabila lolote, wenye nyayo safi, maana kicheko cha mtoto mmoja chumbani hakimfunzi lipi linauma na lipi haliumi. Hilo atalijua kwa kutazama uso wa aliyeketi kando yake.

Limebaki moja la kumwambia. Mzee Ojwang aliitwa Benson Wanjau. Alifariki Julai 2015, na nchi nzima ilimlilia, Nyanza kwa Mlima Kenya. Mjaluo yule tuliyempenda alikuwa Mkikuyu. Mwambie mwanao, lakini mwambie akishacheka, si kabla.