Utangulizi wa Elimukuruta

Ndugu mwenyekiti wa mtaa. Mama mweka hazina wa kikoba, uliyetuachia ukumbi huu hadi saa kumi tu. Wazee wangu wa Rhotia na Mbulumbulu. Akina mama mliodandia malori ya vitunguu kutoka Mang'ola. Wageni wetu wa huko juu Ngorongoro mlioteremka na ukungu wenu. Na nyinyi vijana mliojibanza dirishani mkidhani siwaoni: itifaki imezingatiwa. Kama haijazingatiwa, izingatieni wenyewe, maana muda ni mchache na elimu niliyokuja nayo ni nyingi.

Mnaniona nimesimama hapa na suti ya michezo ya kijani na raba za kijani. Msishangae. Padri huvaa joho, fundi gereji huvaa ovaroli. Mimi ni mtaalamu wa Elimukuruta, taaluma inayochunguza hali ya mzazi ambaye mtoto wake amemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, jina lake limetoka kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na bado hajapanda basi. Ni taaluma changa. Hadi leo asubuhi ina mtaalamu mmoja.

Nasikia minong'ono pale nyuma: "Huyu mwenyewe JKT hakwenda." Nashukuru kwa mchango huo. Mimi nilimaliza kidato cha sita mwaka 1996. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Pigeni hesabu. Sikulikwepa jeshi, jeshi ndilo lililonikwepa, na mkanda nilikuwa nimeshanunua. Kwa hiyo nimesubiri kuitwa JKT kwa karibu miaka 30. Mkitaka mtu anayejua kusubiri katika wilaya hii ya Karatu, acheni kuwasumbua wastaafu. Mstaafu alikwenda. Mtu aliyekwenda anajua nini kuhusu kusubiri?

Tuanze na historia, kwa sababu mhadhara usio na historia ni mazungumzo ya kijiweni. JKT iliundwa tarehe 10 Julai 1963, ikapewa kazi tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa taifa. Mwaka 1966 wasomi nao wakaingizwa kwa lazima. Wasomi, kama mnavyowajua, hawakukubali kimyakimya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Dar es Salaam hadi Ikulu kupinga masharti, hasa lile la kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao. Vitabu vinamweleza vizuri Mwalimu, vinawaeleza na wanafunzi. Mimi nauliza swali ambalo wanahistoria hawajaliuliza: yule mama aliyekuwa shambani akipalilia, akamwona mwanawe msomi anateremka kwenye basi mwezi wa kumi, sanduku kichwani, chuo hakijafungwa, alimwambia nini? Ugali alikuwa amepika wa watu wangapi? Hapo ndipo Elimukuruta inapoanzia.

Sasa tuingie kwenye vifaa. Hapa naomba madaftari.

Tangazo la kila mwaka liko wazi kama amri, kwa sababu ni amri. Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mwisho wake magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo, kijani au bluu. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo. Nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Na shuka mbili za kulalia za rangi ya bluu bahari.

Bluu bahari! Ndugu zangu, Karatu bahari tumeiona wapi? Bahari iko Tanga. Sisi tuna Ziwa Eyasi. Kuna mama hapa, simtaji, ameinamisha kichwa mwenyewe, aliyeagizwa shuka za rangi ya bahari akaona bahari na ziwa ni ndugu. Akasimama ukingoni mwa Eyasi wakati wa kiangazi, akaangalia vizuri yale magadi, akaenda dukani akanunua shuka nyeupe. Mtamcheka? Kisayansi hakukosea. Alitazama, akalinganisha, akanunua. Kilichomponza ni ziwa.

Bukta nayo ina mtego. "Mwisho wake magotini." Magoti ya lini? Mtoto wa miaka 19 anayelishwa na mama mwenye huzuni hurefuka kila wiki. Nimewahi kumpima kijana Jumatatu, bukta ikafunika goti. Jumapili baada ya ibada goti likawa nje linapunga upepo. Pima siku ya safari, pale stendi, mbele ya kondakta. Akikuuliza unafanya nini, mwambie uko kwenye utafiti.

Na msisahau mstari wa mwisho wa tangazo, ambao akina baba huupita haraka kwa sababu unataja fedha: nauli ya kwenda na kurudi. Mama mmoja wa Endabash alimwomba mwanawe amsomee mstari huo mara nne. Kijana alidhani mama yake haelewi. Alikuwa anaelewa sana. Alikuwa anataka kuisikia tena ile "na kurudi".

Tusogee kwenye lishe. Wazazi wa Karatu wamegawanyika katika madhehebu mawili. Wapo Wanenepeshaji, wengi wao wanawake, wanaoamini mtoto aende na akiba mwilini kama ngamia: makande asubuhi, maziwa mchana, usiku kuku aliyekuwa anafugwa kwa ajili ya Krismasi. Na wapo Wakimbizaji, wengi wao wanaume wenye vitambi, wanaoamini mtoto aanze jaramba nyumbani. Hawa huamka saa kumi alfajiri na filimbi. Mbwa wa mtaa mzima wanaitikia, mtoto amelala. Mzee mmoja wa Tloma alifanikiwa kumtoa wake kitandani, wakakimbia wawili gizani hadi ukingo wa msitu wa hifadhi. Kwenda walitumia nusu saa. Kurudi sikuweza kupima, maana walikutana na tembo anatoka shambani kwa watu na mahindi mdomoni, na mzee ndiye aliyefika nyumbani wa kwanza. Mpaka leo anamwita mwanawe "afande" kwa adabu kubwa.

Lugha nayo ni lazima muijue, msije mkaaibika siku ya kumtembelea. Mtoto akifika kule ni kuruta. Kila anayemwamrisha ni afande. Anapolala panaitwa hanga. Kukimbia asubuhi huku mnaimba ni jaramba, na nyimbo zenyewe ni chenja. Kukwepa kazi ni kudoji, na hapa naomba wazazi wawe wakweli: mtoto aliyekuwa anadoji kuosha vyombo miaka 12 amekwenda na uzoefu.

Kuhusu kambi, utaalamu wangu unaishia kwenye ramani, lakini ramani ninayo. Mtoto wa Karatu anaweza kupangiwa Oljoro, hapo Arusha. Anaweza pia kupangiwa Bulombora, Kigoma, au Mlale huko Ruvuma, au Mafinga, ambako baridi yake haina cha kujifunza kwetu. Wazazi wa Oljoro ndio wanaonisumbua zaidi. Wa Kigoma analia siku moja, anakubali. Wa Oljoro anaona ni karibu. Kila Jumapili anafunga hotipoti ya loshoro, anapanda Noah, na anarudi nayo jioni imejaa, imepoa. Wa kambi ya Makuyuni ni hatari kabisa, kwa sababu mabasi yote ya Arusha lazima yapite Makuyuni, na utamwona mama mtu mzima anasimama katikati ya basi, anawakanyaga watu, anachungulia dirishani labda ataona bukta anayoifahamu.

Sasa naingia kwenye mchango wangu mkubwa kwa dunia, Nadharia ya Nyumbu. Kati ya Januari na Machi, kule Ndutu, nyumbu huzaa kwa maelfu. Ndama huanguka chini, na baada ya dakika chache tu amesimama, anakimbia na kundi. Dakika, ndugu zangu! Wako ana miaka 19 na hajui soksi zake ziko wapi. Mama nyumbu hamfungii hotipoti. Hampimi bukta. Hivyo nasema, mzazi, muige nyumbu: mwachie…

Naona mkono. Dereva wa watalii, sema, ila kwa kifupi. Unasema mama nyumbu hamwachii? Unasema anakimbia ubavuni mwake muda wote, na ndama akipotezana na mama yake kundini ndiyo basi tena, fisi yuko nyuma? Na umeyaona kwa macho yako, msimu baada ya msimu? Asante. Dereva hulipwa kwa kuonyesha, mtaalamu hulipwa kwa kufikiri. Ingawa leo sijalipwa.

Mkono mwingine. Mama wa Nainokanoka, karibu, usisimame, sema ukiwa umekaa. Tafsiri tafadhali… Anasema kwao Umasaini vijana wakiingia umorani wakajengewa manyata, mama zao huhama nao. Mama anabeba vitu vyake, anajenga nyumba kule kule, anakaa na vijana. Anauliza: huko jeshini, mama anajenga upande gani?

Swali zuri. Zuri sana. Naliandika. Mnaona, naliandika kabisa kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, ambao kwa bahati ulikuwa mtupu. Elimukuruta italirudia.

Tuendelee na jambo jepesi. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, mtoto akiwa kwenye kwata na simu haimo mfukoni mwa bukta. Mzazi utayaona kabla yake. Yakiwa mazuri utashangilia na mbuzi. Yakiwa mabaya utakuwa mtu pekee duniani unayejua, na yeye kule anaimba chenja kwa furaha. Wakimbizaji husema aelezwe mara moja. Wanenepeshaji husema aachwe aimbe. Mimi hapa, na msininukuu, ni Mnenepeshaji.

Kwa kumalizia sehemu ya kwanza kati ya saba, onyesho la vitendo. Raba mpya humtoa kuruta malengelenge siku ya kwanza, kwa hiyo mzazi mwenye upendo huzilainisha mapema. Hizi nilizovaa ni za binti yangu, anaondoka Jumatano. Nimezikimbilia mwenyewe kila alfajiri kwa wiki tatu, kutoka nyumbani hadi njia panda na kurudi, kwa hatua za kijeshi, mguu wa kushoto kwanza. Watu wa bodaboda wameanza kunipigia saluti. Tazameni kisigino. Tazameni kamba, nimezifunga kwa mtindo wa…

Nani huyo anacheka dirishani? Aha. Huyo ndiye binti mwenyewe. Njoo mbele, mama, wazazi wakuone. Sema kwa sauti. Namba ngapi? Hizi ni 43, ndiyo. Na wewe unavaa 38. Tangu lini?

Ndugu mwenyekiti, suala la namba za viatu ni pana, nilikuwa nimelipangia sehemu ya nne. Mweka hazina, chai ikiwa tayari inaweza kuingia. Hapana, mwanangu, usiiname. Ziache kamba hizo. Mhadhara bado haujaisha.