Kamera, Feri na Mitungi ya Maji

Nikiwa nyumbani Likoni, tumbo langu hutulia. Nikishaingia banda la abiria la feri, watu wamenibana mbele na nyuma na mlango wa kuendea chomboni haujafunguliwa, ndipo linapoanza kusokota. Mwenye IBS, yaani tumbo lenye kuvurugika hovyo, anayeishi ng'ambo hii huujua mji kwa njia yake: msikiti gani una vyoo vya nje, kituo gani cha mafuta bawabu wake hana maneno mengi, mkahawa gani utaagiza chai usiyokusudia kuinywa ili upate kupita nyuma. Feri ikishaondoka gatini, elimu hiyo yote haina kazi.

Dawa nimepewa na kila mwenye mdomo. Shemeji wa Kisauni alishikilia kuwa ni amiba tu. Shangazi wa Mtongwe alinipa habasoda na maji ya mwarobaini, kisha akaniangalia kwa huruma: "Una kitu, mwanangu, lakini si cha hospitali." Binamu wa Changamwe, ambaye tajiri wake aliwahi kufanyiwa, ndiye aliyeleta habari ya kolonoskopi. "Wakutie kamera, yaishe."

Nikaipenda kamera kabla sijajua inapitia wapi. Nilichotaka mimi ni karatasi. Mtu anayekula, anayecheka, kisha ghafla anachomoka mbio katikati ya hitima, kama hana karatasi yenye muhuri wa hospitali basi ni mlafi aliyezidiwa.

Binamu akaendelea kunieleza, kwa raha ambayo haikuwa ya lazima. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na mpira wenye kamera hupandishwa hadi mwisho wake. Hilo halikunitisha, maana hudungwa dawa ya usingizi. Kazi iko siku ya kabla: huli, unakunywa maji, chai ya rangi na mchuzi uliochujwa, na usiguse kinywaji chekundu kisije kikadhaniwa damu. Jioni unakoroga unga wa dawa kwenye maji, lita kadhaa, unashindilia mpaka unachotoa kiwe cheupe kama ulichoingiza. Sehemu ya pili unaimalizia alfajiri, saa chache kabla ya kipimo.

Mke wangu akachukua kalamu. Tunaishi nyumba ya Kiswahili, choo kimoja wapangaji wote, na mfereji hutoa maji siku ukipenda. Maji yetu huja kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20. Alipiga hesabu ya mitungi kimya kimya, akaipigia mstari chini, akaniuliza: "Na hiyo alfajiri, utavuka?"

Hapo ndipo penyewe. Meli ya makontena ikiwa inaingia Kilindini, feri husubiri ipite, na meli haina haraka. Nilijiona nimesimama pale, unga wa dawa unafanya kazi yake, nikiitazama meli ndefu isiyokwisha. Kuzunguka kwa Dongo Kundu nitokee Miritini? Matatu nayo haina choo.

Nikaenda kwanza kumwona daktari mjini. Akaniuliza: choo chako kina damu? Hakina. Tumbo hukuamsha usiku? Haliniamshi. Baba, mama, ndugu wa damu, yuko aliyeugua saratani ya utumbo? Hakuna. Umepungua mwili? Nikamwuliza, kabla ya Ramadhani au baada? Hakucheka. Alisema lingepatikana jibu moja tu la ndiyo, angeniandikia kamera siku hiyo hiyo, kwa sababu amechoka kuwapokea waliojipaka dawa ya bawasiri mwaka mzima huku kilichokuwa kikitoa damu ni kingine. Mimi maumivu yangu huja kila wiki, miaka sasa, hupanda na kushuka kufuatana na choo, na sijafika miaka 45, umri ambao Marekani tangu 2021 wanashauri hata asiye na dalili aanze kupimwa.

"Kamera huona kuta za nyumba," akasema. "Ugomvi wa waliomo ndani haiuoni."

Akaniandikia kipimo cha damu, na kipimo cha choo kuangalia kama utumbo una uvimbe. Kichupa nikakijaza nyumbani. Tangu 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na ile myeusi isiyoonyesha ndiyo niliyoikumbuka asubuhi ile. Nikakifunga kwa gazeti, nikakitia kwenye mfuko wa kitambaa. Kwenye ukaguzi wa feri, askari akaugusa.

"Mzee, hapa ndani ni nini?"

"Kipimo."

"Kipimo ya nini?"

Foleni nyuma yangu ikanyamaza isikie vizuri. Nikamwinamia sikioni. "Afande, ni choo."

"Choo iko kule nyuma, mzee. Unalipa tu unaingia."

"Sitaki choo, afande. Ninacho."

Mama mmoja mwenye karai la viazi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alicheka mpaka ikabidi alitue. Askari aliuachia ule mfuko polepole, akanipungia nipite, na kwenye feri nilipata nafasi ambayo abiria wa Likoni haipati saa ya asubuhi.

Majibu yalikuja safi. Damu haijapungua, uvimbe hakuna. Kamera tumeiweka mpaka nifike umri, au mpaka ije dalili mojawapo katika zile alizoniuliza. Kwa sasa nimepewa orodha ya vyakula vya kujaribu kuacha: vitunguu, saumu, maharage, mbaazi, maziwa, embe. Mpango huo asili yake ni Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, na ni dhahiri kwamba walioutunga hawajawahi kualikwa maulidi Likoni.

Karatasi nimeipata hata hivyo, na muhuri wake. Nikampelekea shangazi Mtongwe.

"Kwa hivyo hawakuona kitu," akasema.

"Kitu kipo, shangazi. Ila hakionekani kwa vipimo."

"Hakionekani?" Akavua miwani, akamgeukia mjukuu wake. "Hebu kalete chetezo na ubani."