Namna ya Kuishi na Loki Mbovu Maskati Bila Kuaibika

Gari lina miaka 20, rangi bado inang'aa, lakini ukibonyeza rimoti mlango mmoja tu ndio unaoitika. Usihuzunike, ndugu yangu. Tutapita salama, pesa zikiwa mfukoni na heshima mahali pake.

1. Linda uso kwanza. Bonyeza rimoti kwa madaha, kisha lizunguke gari kama mtu anayekagua matairi, na kila mlango uufunge kwa mkono. Ukiwa na wageni, shuka upesi uwafungulie. Watakusifu kwa adabu, zipokee sifa.

2. Usinunue kitu, sikiliza. Mlango ukinguruma bila kufunga, mota inazunguka lakini meno yake ya plastiki yamelika. Ukinyamaza wenyewe tu, ama umeme haufiki, ama mota imekufa. Ikinyamaza yote, tazama fyuzi.

3. Fyuzi ikiwa nzima, usikimbilie kwa fundi. Ufungue mlango wa dereva mpaka mwisho. Karibu na bawaba kuna mpira wenye mikunjo, unaotoka mlangoni na kuingia ndani ya gari. Uchomoe polepole. Humo zimo waya zinazopinda kila mlango ukifunguliwa, na mlango gani unafunguliwa kuliko wa dereva? Ongeza joto la kiangazi cha hapa, linalopita nyuzi 40, na ganda la waya hukauka na kupasuka. Vuta waya mmoja mmoja kwa vidole: ukinyumbuka, shaba imekatika ndani hata kama ganda linaonekana zima. Katika magari mengi ya zamani amri ya kufunga huanzia mlango huo, ndiyo maana waya mmoja unaizima milango yote. Toa terminali ya betri, unga kipande kipya kirefu kidogo, lehemu, na kiungo kikae mbali na pale panapopinda. Tepu peke yake usiiamini; kwa jua hili gundi itakuja mkononi.

4. Mwenye Mercedes-Benz W123 asihangaike na mota. Loki zake huvutwa kwa hewa. Atafute mpira wa hewa uliotoboka.

5. Kama ni mota kweli, nenda Wadi Kabir asubuhi na mapema, mota mbovu mkononi. Usieleze, onyesha. Omba iliyotumika, ya upande uleule, kwa sababu mara nyingi ya kulia haikai kushoto. Kabla hujatoa riali, mwambie muuzaji aiguse kwenye betri: lazima isukume, na waya zikigeuzwa, irudi. Ikisukuma tu isirudi, mrudishie kwa tabasamu, uingie duka la pili.