Pikipiki ya Karani

Mtu akitaka kuoa, jamaa zake humshauri kwa mafumbo na kwa staha, wakichelea kumvunja moyo. Lakini akitamka mbele ya watu kwamba anakusudia kununua pikipiki ya kwendea kazini, stara yote huondoka, na hata yule jirani ambaye salamu yake haijapata kuzidi kikohozi humsimamisha njiani akampa nasaha ambazo hakuziomba. Mimi nililitamka neno hilo barazani, jioni, kwa ulimi wangu mwenyewe, na tangu hapo sikuwa na faragha tena.

Haja yangu ilikuwa dhahiri. Nyumba yangu iko Goba na kazi yangu iko Posta, na baina ya huku na huko zipo daladala ambazo humtaka karani wa umri wangu aingie kwa kiwiko, asimame kwa mguu mmoja, kisha ashuke Mwenge aanze upya mapambano yale yale kwenye gari la pili, hata afikapo ofisini shati alilolipiga pasi alfajiri huwa halina tena ushahidi wa pasi. Aidha, mtaa wetu uko bondeni: barabara ya lami hupita juu kwa fahari zake, nasi tulio chini huifikia kwa njia ya udongo ambayo wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni mtihani.

Wa kwanza kunijia alikuwa mzee wa jirani, bwana shamba mstaafu, ambaye serikali ilimpa Honda katika ujana wake akazunguka nayo vijijini, naye tangu airejeshe hajaona duniani chombo kingine kistahilicho jina la pikipiki. Mzee huyu hakusema kwa ushabiki mtupu. Alikuwa na hoja. Alinieleza kwamba mwaka 1976 Wajapani walitoa Honda CG125 baada ya kuona kuwa injini zao za awali, zenye kamshafti juu ya silinda, zilikuwa zikifa upesi katika nchi ambazo mwenye pikipiki huikumbuka oili siku injini inapolia. Basi wakaunda nyingine ambayo valvu zake husukumwa kwa fito, isiyo na makeke, ivumiliayo vumbi, mzigo na usahaulifu wa bin Adamu. “Mwanangu,” akasema, “hiyo ndiyo pikipiki. Haya ya siku hizi ni makopo ya Kichina.”

Kijana mmoja wa kijiweni, aliyekuwa akisikiliza huku amejilaza juu ya tangi la pikipiki yake, akajibu kwa adabu, “Shikamoo mzee, lakini hayo makopo injini yake ni hiyo hiyo CG yako, Mchina kaikopi tu.” Na kwa kuwa neno hilo ni kweli kwa nyingi katika pikipiki za Kichina, mzee alinyamaza kitambo, akashika bakora yake, akakumbuka kwamba magharibi imekaribia.

Vijana wa kijiweni wenyewe walikuwa umma wa madhehebu moja, nayo ni Boxer ya Mhindi, wala hawakuona sababu ya kuitolea hoja ndefu. “Bosi, chukua Boksa,” wakaniambia. “Mafuta inanusa tu, na spea zake hata kwa muuza nyanya unapata.”

Ofisini nako, mwenzangu wa meza ya pili, mtanashati ajulikanaye kwa tai zake, aliniapia kwamba mtu wa kalamu hapandi ila Vespa. Hakuwa na hoja haba: chombo hicho kilichotoka Pontedera, Italia, mwaka 1946, kilibuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki kwa uchafu wake, na ndiyo sababu akaificha injini na kumwekea mpandaji ngao mbele ya miguu, ili tope lisiifikie suruali. Laiti mhandisi huyo angekiachia na pangaboi. Kwani magurudumu yale madogo, yakiteremka bondeni kwetu wakati wa masika, huingia shimoni mazima, na Vespa ikiingia shimoni haiba yake hubaki nje.

Mama watoto alizisikiliza hekaya hizi zote akiwa anachambua mchele, asiseme neno, hata baraza lilipokuwa tupu ndipo akauliza, “Baba watoto, ikizima usiku, na mvua inanyesha, hapa Goba nani ataitengeneza?” Swali hilo liliangusha hoja za Japani, za Italia na za kijiweni kwa pamoja, maana kwenye kona yetu yuko fundi mmoja tu, na ukutani mwa kibanda chake zimening'inia waya za klachi, cheni, sproketi na plagi, nazo karibu zote ni za Boxer.

Hata hivyo mshahara wa karani una sauti yake, nao uliniita kwanza kwenye mitumba. Dalali mmoja wa Kariakoo alinionyesha pikipiki ing'aayo, imesimamishwa chini ya mwarobaini, akaniapia kwamba ilikuwa mali ya sista wa misheni aliyekwenda nayo kanisani Jumapili na kurudi. Nikakumbuka nasaha ya yule mzee: usiiwashe kabla hujaishika, kwani injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Nikaweka kiganja kwenye silinda, nikakiondoa kwa haraka isiyolingana na heshima yangu. “Ni jua hilo, bosi,” akasema dalali. Tukainua macho pamoja, tukayatazama majani ya mwarobaini yalivyoshonana, wala hakuna aliyeongeza neno. Nikachuchumaa: waya wa mita ulikuwa umechomolewa, na kwa hiyo uchache wa kilomita za sista ukaeleweka; na cheni, nilipoiinua kwa kidole, ilipanda hata ikagonga kikinga chake. Nikamtakia sista heri, nikaenda zangu.

Nikakopa Saccos, nikanunua Boxer mpya ya 125, nikapita chuo cha udereva, nikapata leseni, nikakata bima, nikanunua na kofia ngumu mbili, yangu na ya mama watoto, za bei ya juu, kwa kuwa kichwa cha karani ndicho chombo chake cha kazi. Katika wingi wote ule wa washauri hakuna aliyenitahadharisha kwamba apandaye pikipiki ya bodaboda machoni pa watu ni bodaboda.

Asubuhi moja pale Mwenge, taa zikiwa nyekundu, nilihisi pikipiki ikizama kwa nyuma. Mama mmoja wa makamo, mwenye kapu la dagaa, alikuwa amekwisha kaa, amekwisha vaa kofia ya mama watoto, akaniamuru, “Makumbusho, mwanangu, fanya haraka.” Nikaanza kumweleza kwa lugha ya staha kwamba mimi si dereva wa abiria bali ni mtumishi wa ofisi, na kwamba kibao changu cha namba ni cha njano, yaani cha mtu binafsi, ilhali vya biashara ni vyeupe, lakini taa zikawa kijani, honi za nyuma zikanikata kauli, nami nikaondoka na abiria. Makumbusho akashuka, akanipa shilingi elfu moja, akadai chenji ya mia tano. Nilipomwambia kwamba sitaki malipo, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, “Kwa hiyo hii pikipiki umeiiba?”

Langoni kwa ofisi mlinzi alinyoosha mkono. “Bodaboda mwisho hapa. Mzigo acha, mwenyewe ataufuata.” Nikavua kofia, akanitambua, akapiga saluti huku akinusa harufu ya dagaa, na yule mtanashati akatupita kwa miguu, akicheka, akitokea kituo cha daladala, kwani Vespa yake ilikuwa imelala gereji ikingoja kipuri kutoka ng'ambo.

Fedheha hizo hazikuigeuza hukumu yangu. Usiku mmoja wa masika waya wa klachi ulikatika bondeni. Fundi wa kona akaja amebana simu yenye tochi kwa meno, akatia mwingine, nami nikafika nyumbani kabla wali haujapoa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye azma kama yangu, kabla hujatazama rangi, nguvu wala nchi pikipiki ilikotoka, nenda kwa fundi aliye karibu na kwako, tazama kimening'inia nini ukutani mwake, ununue hiyo. Nanyi abiria wa Mwenge, nawasihi kwa hisani yenu: tazameni rangi ya kibao kabla ya kupanda, na kama mmekwisha panda, angalau msidai chenji.