Chambo cha Samaki Asiye na Njaa

Sangara hana makuu. Tangu apandikizwe Ziwa Victoria miaka ya 1950 anakula furu, dagaa, uduvi, hata watoto wake mwenyewe, na wavuvi wa mwalo wa Mwigobero wanaomtegea migonzo hawajapata kumpambia mlo. Furu hai anachomekwa kwenye ndoano, kamba inashushwa, watu wanakwenda kulala. Ndiyo maana nilipotokea mwaloni na chambo chenye mabawa ya zambarau, mkia wa dhahabu na kichwa chenye rangi ya kucha, mzee mmoja wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi mwaloni, aliniuliza kwa upole kama kuna harusi.

Aliyenitia katika mambo haya ni binamu yangu wa Nairobi. Wenzetu Kenya wana karakana za kufunga vyambo vya manyoya vinavyouzwa Ulaya na Marekani. Watu wanashinda wakizungusha uzi na kupachika manyoya kwa ajili ya samaki ambao wengi wao hawatawaona maishani. Huko Kenya uvuvi wa namna hii una umri mkubwa: Ewart Grogan alipeleka samaki aina ya trauti kwenye Mto Gura mwaka 1905, na wazungu wakahitaji cha kuwarushia. Binamu alipita Sirari kuja kutusalimia likizo, akaniachia fimbo ya kuvulia na maelezo mengi kuliko niliyoomba.

Chambo alichokipenda zaidi ni cha bomba, na nikiri kwamba kina akili. Manyoya hayafungwi kwenye ndoano. Yanafungwa kwenye kijibomba chembamba, uzi unapita ndani yake, ndoano inakaa nyuma peke yake. Samaki akinasa, bomba linateleza kupanda juu ya uzi. Manyoya yanapona meno, na samaki hapati kitu kirefu cha kukitumia kuing'oa ndoano. Ujuzi huu ulitokea Aberdeen, Uskochi, katika miaka ya 1940, na mabomba ya mwanzo yalikatwa kwenye unyoya wa bata mzinga. Mlengwa ni samoni. Huyo akishatoka baharini na kuingia mtoni kuzaa, hali tena. Hana njaa kabisa, lakini akipitishiwa kitu chenye rangi za kelele mbele ya pua anakiuma, na wavuvi wake wanabishana mpaka leo kama ni hasira au ni mazoea tu. Nchi yenye samaki wa kususa chakula lazima itengeneze chambo cha kuchokoza. Sisi wa kwetu anafuata mlo mwenyewe. Hilo nilimwambia binamu, akasema sina jicho la sanaa.

Basi nikaonyesha sanaa. Bomba lilitoka kwenye mrija wa wino wa kalamu. Mabawa yalitoka kwenye rasta za binti yangu, mng'aro kwenye utepe wa mapambo ya sendofu, na rangi ya kucha mnaweza kukisia. Manyoya, binamu alisisitiza, yawe ya shingo ya jogoo, kwa kuwa yanapumua majini. Jogoo wa shingo nzuri alikuwa wa jirani. Kwa kukosa jiliwa nilivisha bomba kwenye sindano ya magunia, sindano nikaibana kwa koleo, koleo nikalibana kwa mapaja, na gundi ikaamua kushika kidole gumba na kuacha bomba. Saa hiyohiyo mama mwenye jogoo akabisha hodi, anauliza ni mtoto gani amemnyonyoa kuku wake. Nilimwamkia mikono ikiwa mgongoni, kama mkuu wa wilaya anayekagua mradi, nikaahidi kufuatilia.

Sasa kurusha. Fimbo ile hairushi mbele moja kwa moja. Lazima kamba irudi nyuma kwanza, inyooke hewani, ndipo uisukume. Uskochi huenda nyuma ya mvuvi pana majani na kondoo. Nyuma ya mvuvi wa Mwigobero pana soko. Pana akina mama wa dagaa, makuli wanaobeba mizigo ya boti za kwenda Kinesi, na muuza mitumba aliyetundika magauni kwenye kamba. Nilirudisha, nikahisi uzito, nikavuta kama nilivyofundishwa. Gauni la maua mekundu likaruka juu ya mabeseni ya dagaa, likatua majini mbele yangu. Na uvumbuzi wa Aberdeen ulifanya kazi sawasawa: bomba lilikuwa limepanda juu ya uzi, salama na zambarau yake, ndoano imebaki kwenye kola.

Mwalo mzima ulisimama. Mzee wa BMU akaomba rula. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, alisema, akalipima gauni toka kola hadi pindo mbele ya mashahidi, akatangaza kwamba limezidi, kwa hiyo halirudishwi ziwani. Kijana mmoja akauliza kama lina bondo, maana bondo ndilo lenye bei. Muuza mitumba naye alikuwa na sheria yake.

“Mzee wangu, ulichovua ni chako. Shilingi 8,000.”

“Si unauza 3,000?”

“Hizo ni za magauni yaliyotulia kwenye kamba. Hili limesumbuliwa.”

Nikalipa, maana umati ulikuwa upande wake, na boti ya Kinesi ilikuwa imeahirisha kuondoka ili abiria waone mwisho.

Nyumbani mama watoto alilipokea, akalikung'uta maji, akaliinua kwenye mwanga, akaona tundu kwenye kola.

“Baba watoto, hili gauni la nani?”

“Sijui la nani. Nimelivua mwaloni.”

Akavuta stuli, akakaa taratibu.

“Umelivua,” alisema. “Na mwenyewe umemwacha wapi?”