Mchango wa Soda na Maji

Katika kikao cha mwisho cha kamati ya harusi, mimi katibu nilisoma orodha ya wachangiaji kuanzia wa juu. Wa kwanza: "Soda na maji, shilingi 1,768,645,995." Watu wakapiga makofi kabla ya kufikiri. Mweka hazina akauliza kama huyo Soda ameshalipa au ni ahadi tu. Mwenyekiti akapendekeza tuongeze ng'ombe. Baba Mkubwa, ambaye jina lake halikuonekana popote, akaanza kutafuta kofia yake.

Orodha ilipangwa na mpwa wangu, kijana anayeiamini lugha ya C kuliko anavyowaamini wazazi wake. Lakini kabla hujamlaumu, sikia kanuni aliyopewa. Mjomba amtangulie Baba Mkubwa, maana kwenye harusi ya binti mjomba ana haki yake. Baba Mkubwa amtangulie bosi wa bibi harusi, kwa heshima ya umri. Bosi naye amtangulie mjomba, kwa kuwa katoa nyingi zaidi. Kamati nzima iliipitisha kwa kauli moja, chai ikaletwa, na hakuna aliyeona kwamba tumepitisha duara.

Duara lenyewe haliisumbui C. Ubaya wa C ni kwamba inakuamini. Mpwa wangu aliandika upangaji wa kuchomeka: unamchukua mtu, unamsogeza mbele hadi akutane na anayemzidi. Ili programu iende mbio, hakuiambia ikague kama imefika mwanzo wa orodha. Alitafuta kwanza anayewazidi wote, akamweka nafasi ya mbele awe mlinzi, maana huyo hapitwi. Mbinu hiyo ni ya siku nyingi na ni halali kabisa, ila haijawahi kukutana na ukoo wetu. Mlinzi akawa bosi. Akaja Baba Mkubwa, akampita bosi kwa umri, akaendelea na safari. Nje ya orodha, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, palihifadhiwa bajeti ya chakula: "keki soda na maji". Baba Mkubwa akalinganishwa na keki, akaizidi kwa heshima, wakabadilishana viti. Herufi nne za neno keki, kompyuta ikizisoma kama namba, ndizo hizo bilioni na ushei. Baba Mkubwa mwenyewe tulimkuta kwenye bajeti, mahali pa keki.

Mpwa alijitetea. Akasema hata qsort, kipangaji cha maktaba ya glibc inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikutwa na udhaifu wa namna hiyo: Januari 2024 wachunguzi wa Qualys walitangaza kwamba katika mazingira fulani, ikipewa kanuni inayojipinga, hutoka nje ya mipaka ya orodha, na kwamba kasoro hiyo ilikuwemo tangu 1992. Ni kweli tupu. Baba Mkubwa akataka kujua huyo Qualys ni wa upande wa bwana harusi au wetu.

Tukamwamuru mpwa ahamie lugha ya Java. Huko ukigusa nafasi isiyokuwepo, programu inasimama papo hapo, haikuletei keki. Tena kuna mzoa taka, wazo ambalo John McCarthy alilibuni kwa ajili ya lugha ya Lisp yapata 1959: anapita kwenye kumbukumbu, na kitu ambacho hakifikiwi tena na chochote kinachotumika, anakizoa. Mweka hazina alifurahi mno, akadhani watazolewa wote walioahidi wasilipe. Wapi! Mzoa taka haulizi una faida gani, anauliza kama kuna anayekushika mkono. Kwa maoni yangu angefaa sana kuwa mjumbe wa kamati, maana nusu yetu tumo kwa utaratibu huohuo.

Java ikapewa kanuni ileile. Kipangaji chake cha tangu toleo la 7, la mwaka 2011, kwenye orodha ndefu kinaweza kushtukia ubishi wa aina hii. Cha kwetu kilishtuka, kikagoma, kikisema ulinganishaji umevunja mkataba. Mwenyekiti akang'aka: mkataba upi? Kamati haijasaini mkataba wowote na mtu!

Kanuni mwenyekiti hakukubali kuibadilisha. Usiku huo orodha ikachapwa kwa alfabeti, wengine wakiwa wameshaondoka. Jina la mjomba linaanza na Z, na mpaka sasa hapokei simu ya mjumbe yeyote.